Hansa Aliyengoja Kuitwa Mara ya Pili

Hansa Kailash Parmar, ambaye wengi waliofika leo walimwita Anti, alizaliwa Kisumu tarehe 3 Machi 1934, katika chumba cha nyuma ya duka la vitambaa la baba yake. Alilelewa na yaya kutoka Mombasa, ambaye ndiye aliyempa Kiswahili chake, na hofu zake pia. Yaya alimwonya kwamba akisikia jina lake likiitwa mara moja tu, asiitike. "Nyamaza, sikiliza. Mtu ataita tena. Kisicho mtu hakina mara ya pili." Hansa aliyashika maneno hayo kuliko sala. Mama yake akimwita kutoka jikoni alikaa kimya mpaka aitwe tena, na masikio yake yalivutwa sana kwa ajili hiyo.

Alisoma shule ya Wahindi ya Kisumu hadi darasa la saba, kisha akatolewa asaidie nyumbani. Hakulalamika.

Mwaka 1953 aliolewa na Kailash, fundi cherehani wa Jinja, mtu mpole mwenye utani. Kailash alipojua habari ya yaya, kila jioni alisimama mlangoni akasema, "Hansa! Haya, na ya pili hii hapa, mtu kamili: Hansa!" Hawakujaliwa mtoto. Dada yake Hansa alipofariki, walimchukua mwanawe, Darshan, wakamlea. Yeye alimwita Masi, kama tunavyowaita dada za mama zetu.

Oktoba 1972, Wahindi walipofukuzwa Uganda, walipanda wote watatu basi la kwenda uwanja wa ndege wa Entebbe. Kwenye kizuizi askari walimteremsha Kailash, dereva akaamriwa aondoe gari. Ndipo sauti ya Kailash ikasikika huko nyuma: "Hansa!" Mara moja. Darshan, aliyekaa dirishani, anakumbuka Masi alivyofumba mdomo na kuinua kidole, kama mtu anayesema ngoja. Alikuwa anaingoja ya pili. Basi likaondoka. Wote walioulizwa baadaye habari za Kailash walisema hawajui lolote.

Hansa na Darshan walifikia kambi ya wakimbizi Uingereza, kisha wakapata chumba Kingsbury. Januari 1974 Hansa aliajiriwa kuwa msaidizi wa mwalimu katika shule ya watoto wadogo. Alichonga penseli, alifunga kamba za viatu, alikaa na waliolia. Watoto wageni kutoka Kampala na Kisumu walikuwa hawaitiki majina asubuhi, ikadhaniwa masikio yao yana kasoro. Hansa alicheka peke yake, akamnong'oneza mwalimu, "Waite tena." Mwalimu akaita tena, nao wakaitika wote. Yaya zao walikuwa wamewafundisha vilevile.

Majira ya baridi giza huingia kabla watoto hawajatoka shuleni. Jioni moja Hansa alikuwa akiwavalisha makoti koridoni, na Sadrudin, mtoto wa Mbarara, akamvuta sari.

"Anti, kuna mzee kule nyuma ya makoti. Anakuita."

"Ameita mara ngapi?"

"Moja."

"Umemwona?"

"Makoti tu yanatikisika."

Hansa akamfunga vifungo mpaka cha shingoni. "Basi twende. Usigeuke."

Sadrudin alihama shule. Baridi iliyofuata akaja mtoto mwingine na habari ileile, na iliyofuata mwingine tena. Kila mmoja Hansa alimuuliza swali lilelile, na siku hizo alirudi nyumbani asile kitu.

"Kama ni yeye, nimemwacha tena," alimwambia Darshan. "Kama si yeye, nikiitika nitakuwa nimemwitikia nani?"

"Masi, acha kazi hiyo."

"Nikiacha, akija kuita ya pili atamkuta nani?"

Novemba 1978 moyo wake ulidhoofika, akalazwa. Aliuguzwa na Gaudensia, muuguzi ambaye kwao ni Bukoba, naye alimtania, "Mama, unasikiliza redio gani hiyo mimi siisikii?" Hansa akatabasamu. "Ya Jinja."

Alhamisi, tarehe 18 Januari 1979, alasiri, theluji ikiwa dirishani, Gaudensia alikuwa akitandika shuka aliposikia mwanamume koridoni akiita, "Hansa!" Mara moja. Akatoka kutazama, hakukuwa na mtu. Alipokuwa huko nje, Darshan, aliyekuwa ameushika mkono wa Masi, akasikia sauti ikiita karibu na kitanda, "Hansa!" Yeye pia aliisikia mara moja tu; ile ya koridoni hakuisikia, na hii ya kitandani Gaudensia hakuisikia. Hadi leo wawili hao hawajakubaliana kama ile ni sauti moja au ni mbili.

Hansa hakuwauliza ni mara ngapi. Aligeuza uso upande ule, akasema, "Abee." Ndivyo yaya alivyomfundisha kuitika, na Darshan hakuwa amelisikia neno hilo kinywani mwake tangu Jinja. Likawa neno lake la mwisho.

Ameacha mwanawe wa kumlea, Darshan, kaka yake aliyeko Kisumu, na watoto wote aliowafunga vifungo, ambao baadhi yao wamesimama hapa na makoti yao. Kailash hatumtaji pamoja na waliotangulia wala pamoja na walioachwa, kwa kuwa hatujui.

Kabla pazia halijafungwa na mwili haujapelekwa kwenye moto, kila anayetaka kumuaga na amwite kwa jina, mara mbili, bila haraka, ili Hansa ajue kwamba sisi ni watu. Apumzike kwa amani Hansa wetu, na yule aliyemwitikia awe ndiye Kailash wake.