Kadi ya Besiboli kwa Picha ya Mwigizaji

Ijumaa moja, huku ughaibuni, ndani ya basi la kwenda mtaa wa Karama, nilikaa nyuma ya watu wawili waliokuwa wamejuana dakika ile ile kwa sababu ya Kiswahili. Idd, mwosha magari kutoka Tanga, alikuwa akimwonyesha Robinah, mlinzi wa Kiganda, kadi yenye picha ya mchezaji wa besiboli aliyopewa na bosi wake Mmarekani. Idd alikuwa na kadi nyingi kama hizo, lakini hii ndiyo aliyoipenda zaidi.

"Leo naibadilisha," alisema. "Kuna Mfilipino ana picha ya mwigizaji wa Kihindi yenye sahihi. Mke wangu anampenda mno yule bwana."

"Kaka, umpelekee mkeo picha ya mwanamume mwingine?"

Nami nilitaka kuuliza hivyo hivyo.

"Mwezi ujao narudi nyumbani baada ya miaka minne, dada. Kwenye simu tunaishia kwenye salamu. Nataka nikifika acheke."

Robinah akaigeuza kadi. Nyuma palikuwa na tangazo la soda. "Kumbe huyu anauza soda."

"Na yule wa sinema anauza sabuni. Ila huyu alikimbia kweli, yule anaigiza tu."

"Basi mpelekee huyu. Umeishi naye."

"Ataniuliza besiboli ni nini, nami sijawahi kuutazama mchezo wenyewe!"

"Si ndiyo mtapata la kuzungumza?"

Idd akaichukua tena kadi yake. Basi liliposimama alishuka, akabaki kituoni akiitazama kadi yake, huku Mfilipino akimpungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara.