Mchezo Ule Niliuandika Mimi

Sogeeni karibu, wanangu. Raphael, kaa hapo miguuni, na wewe Evelina niinulie mto kidogo nipate pumzi. Daktari wa Kahama ameshaniambia ukweli wake nami nimeupokea, kwa hiyo hizo nyuso za msiba ziwekeni kando kwanza, mtazihitaji baadaye. Leo nataka masikio yenu.

Ya mali ni mafupi. Nyumba hii ya Masumbwe ni yenu wote wawili, asiiuze mmoja bila mwenzake kukubali. Shamba la baba yenu kule kijijini ni la Raphael, kwa sababu ndiye aliyelilima mimi nilipoishiwa nguvu. Kiwanja cha Nyahanga ni cha Evelina, na Raphael usije ukasema mtoto wa kike ataolewa. Ameshaolewa, na kiwanja bado ni chake. Ng'ombe gawaneni kwa amani. Lililobaki ni lile mliloligombania jikoni juzi mkidhani nimelala, ile karatasi ya Selestine.

Mnamkumbuka Mayu Hosiana, yule mama mjane jirani yetu kijijini, aliyekuwa akiwapa karanga mkitoka shule. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi, maana alipikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka; kuni zilikuwa mbali mno kwa miguu yake. Mwaka ule wa mvua za elinino alikufa mtoto wa watu kwa homa, wakaanza kumnyooshea kidole kwamba ni mchawi, eti macho mekundu ndiyo ushahidi, wakamwita kwenye mkutano wa kijiji. Nilikuwepo. Alisimama akiegemea fimbo yake, akasema, "Haya macho yameharibika nikiwapikia ninyi. Nani hapa hajala chunguni mwangu?" Watu wakatazama chini. Wiki haikuisha, tukamkuta mlangoni pake, amekatwa mapanga.

Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, sikuwa na cheo wala jamaa mkubwa wa kumkimbilia, na hasira ile ilikuwa inanila. Likizo ilipofika nikakaa mezani nikaandika mchezo wa kuigiza, nikauita Moshi wa Jikoni. Baba yenu, Gelasius, alikuwa anasonga ugali mwenyewe ili nisiinuke, na watu walimcheka kwa hilo, naye akawaacha wacheke. Maneno ya Mayu Hosiana niliyaweka kama alivyoyatamka, na kando yake nikaandika kwamba ni yake, si yangu.

Selestine Maige alikuwa mwalimu mwenzangu, kijana, hodari wa kuwafundisha watoto kuigiza. Nikampa mchezo ausimamie, akausimamia vizuri. Haki yake hiyo sitamnyima hata leo. Tulipouonyesha hapa Masumbwe siku ya mnada, wanawake walilia waziwazi, na wanaume kadhaa waliondoka kabla haujaisha, maana walijiona.

Baada ya siku chache wazee wa kijiji wakaja shuleni na walinzi wao. Wakauliza mbele ya mwalimu mkuu, "Nani kaandika maneno haya?" Sikuwahi kufungua mdomo. Selestine alinitangulia: "Ni Mwalimu Generoza. Kila neno ni lake. Mimi nimewapanga watoto tu." Kila neno ni lake! Alisema kweli, wanangu, na mimi sikuikana. Nilisimama nikasema, "Ndiyo, ni mimi, na kama kuna neno la uongo humo nionyesheni." Hawakunionyesha. Wakatutenga.

Ninyi mnajua kutengwa kulivyokuwa. Hakuna wa kutupa moto, hakuna wa kutuuzia chumvi, mashine ya kusaga ikizimwa tukifika, mtu unamwamkia anageuka kama amesikia mbuzi. Na msimu huohuo kifua cha baba yenu kikamzidi, akafa. Wewe Raphael ulikuwa hata ndevu hujaota, ukachimba kaburi la baba yako na mjomba wako Agapiti aliyetoka Ushirombo, shimo linajaa maji nanyi mnayateka kwa sufuria, na hakuna mwanamume hata mmoja wa kijiji aliyeleta jembe. Evelina uliwapikia watu watatu chakula cha msiba. Selestine hakuja. Alikuwa ameshaomba uhamisho wa kwenda Shinyanga.

Tukahamia hapa, tukaishi. Miaka ikapita, hadi siku ile mwanao Esta, Evelina, alipokuja na kitabu cha shule akaniambia, "Bibi, humu wameandika kama unavyosemaga wewe." Nikavaa miwani. Moshi wa Jikoni, kimetungwa na Selestine Maige. Nikafungua nikausoma wote, na hata nukta hakuhamisha. Ila Mayu Hosiana amekuwa "Kikongwe wa Kwanza", na lile andiko langu la kando limefutwa. Hapo ndipo nilipolia. Kwa jina langu sikulia, nilikasirika tu. Nilimlilia yule mama aliyeuawa kwanza, na sasa amefutwa.

Mwezi uliopita akaja mwenyewe, mlimwona, na gari na wageni wake wanaotaka kutengeneza filamu. Wameambiwa na mwanasheria wao wapate saini yangu kwanza. Ameota kitambi, lakini adabu bado anayo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Selestine. Umenikumbuka leo."

Akanieleza kwamba jina langu litawekwa mwishoni, kwenye shukrani, kwa sababu ya mchango wangu. Nikamwambia, "Mchango ni wa harusi, Selestine." Wageni wakacheka, mimi sikucheka. Akasogeza kiti, akashusha sauti: "Mwalimu, maneno yale ni ya jamii nzima. Hayana mwenyewe." Nikamwuliza, "Wazee walipokuja shuleni yalikuwa na mwenyewe, au nimesahau?" Akatazama saa yake. Akaacha mezani karatasi ya mimi kukubali kwamba mchezo ni wake, akaaga.

Sasa wewe Raphael ulimwambia dada yako, "Mama asaini tupumzike, jina haliliwi." Mwanangu, wewe unashuka duarani, ndani ya shimo lile, kila siku kutafuta dhahabu. Ukitoka na mawe yako, mtu aliyekaa juu kivulini akasema duara lile kalichimba yeye, utamwambia tupumzike? Na jina lile sikulibeba peke yangu. Lilipokuwa la hatari mlilibeba pamoja nami mlipokuwa watoto, mkalilalia njaa, mkamzika baba yenu kwa ajili yake. Leo linapigiwa makofi, tumpe mtu aliyelikimbia? Sitasaini. Na nikishakufa, msisaini.

Nawe Evelina, uliyetaka kwenda kumtukana kwenye redio, tulia. Sijawaachia ugomvi. Nimewaachia kazi. Mchezo ule haugawanyiki kama ng'ombe. Ni wenu pamoja, na wa watoto wenu. Shule ikitaka kuuigiza, au parokia, au wajukuu wa walewale waliotutenga, waacheni waigize bure, mradi watamke nani aliandika. Atakayetaka kuuchapa au kuufanyia filamu, aweke jina langu mbele: Generoza Mihayo. Pale Mayu Hosiana anaposema, liandikwe jina lake, Hosiana, na wala isiwe Kikongwe wa Kwanza. Na Selestine aandikwe kwamba alisimamia maigizo ya kwanza, kwa kuwa ni kweli. Wakikataa, mtafuteni mwanasheria. Wakiwaambia mtachelewesha filamu, waambieni mama alisema icheleweshwe.

Nipe maji... Asante. Kidogo tu.

Mazishi yangu yawe ya kawaida, misa hapa parokiani, kisha mnipeleke kijijini nikalale karibu na baba yenu. Wale wa kule wakija na majembe safari hii, msiwafukuze, waacheni wachimbe. Selestine akija mpeni kiti, mpeni chakula ashibe, ila kipaza sauti msimpe. Wasifu wangu atausoma Evelina, na asiniremberembe.

Njooni niwashike vichwa. Mkono huu mzito... nisaidieni kuuinua. Raphael, Mungu akurudishe juu salama kila unaposhuka, na uwe na nyumba yenye kelele za watoto. Evelina, Mungu amzidishie mumeo subira, nawe akupe ulimi usioogopa. Mpendane. Atakayemkosea mwenzake amfuate siku hiyohiyo. Nawabariki kwa jina la Baba, na la Mwana... na la Roho Mtakatifu. Amina.

Kifua kinabana. Hapana, msimwite mtu, bado.

Evelina, huo wasifu umeshauanza, nimekuona jana ukiandika. Nisomee mwanzo wake... Polepole, masikio nayo yamechoka... Umesemaje hapo? "Alishiriki kuandika"? Alishiriki na nani, mwanangu? Mezani pale nilikuwa mimi, na baba yenu jikoni. Futa.

Andika "aliandika".

Nisomee tena.

Ee. Hapo sawa.