Papa Mardochée na Behewa Lililoitwa Mke Mwenza

Wasikilizaji wapendwa wa Kalemie, leo tunamkumbuka Papa Mardochée Kaomba, tuliyemzika Jumamosi. Alikuwa mhandisi wa reli, tena alikuwa mume wa Mama Anne-Marie. Mama ametuomba tuanze na hilo la pili. Basi tunarekebisha: alikuwa mume wa Mama Anne-Marie, halafu mhandisi wa reli.

Papa Mardochée alitafuta jibu la swali moja. Treni zikigongana, kitu gani kinaua watu? Nyuma ya karakana aligonganisha mabehewa ya zamani. Kwenye viti alikalisha magunia ya mchanga yenye uzito wa mtu. Akaona kwamba behewa moja hupanda juu ya lingine na kuingia walipo abiria. Basi akachukua behewa moja, akachomelea vyuma vyenye meno kwenye ncha zake, ili mabehewa yakigongana yashikane, yasipandane. Na sehemu ya mlangoni akaiacha laini kwa makusudi. Mlangoni pakunjike, katikati pabaki pazima. Mlangoni mizigo, katikati watu.

Nyumbani mambo hayo hayakufurahisha. Siku moja Mama Anne-Marie alimpelekea ugali na samaki wa mikebuka karakanani. Akachungulia dirisha la behewa. Gunia la mchanga limekaa kitini, limevaa kikwembe, kitenge cha Mama mwenyewe.

"Mardochée! Huyu njo nani?"

"Mama, ni mchanga tu. Gunia lilipasuka, nikatafuta kitambaa."

"Kikwembe changu cha Pasaka! Na kamba umemufunga asianguke. Mimi ulinifunga kamba siku gani?"

Tangu siku hiyo, hata mlangoni pa kanisa, aliwaambia watu: "Mukimutafuta bwana yangu, yuko kwa muke mwenzangu."

Binti yao Arlette anacheka akikumbuka. "Mama alikuwa ananusa shati ya Papa. Grisi tupu. Njo akazidi kukasirika."

Hatimaye behewa lile lilitiwa kwenye safari ya Nyunzu. Mama Anne-Marie, muuza samaki wakavu, akapanda, akaketi katikati. Alitaka kumtazama mwenzake kwa karibu. Kabla ya Nyunzu, mabehewa ya mizigo yaliyokatika kutoka treni nyingine yalirudi mteremkoni, yakawagonga. Sehemu ya mlangoni ikakunjamana kama kopo. Magunia ya samaki yakapasuka. Watu waliumia, lakini wote walitoka hai. Tunarudia: wote walitoka hai.

Papa Mardochée alifika na waokoaji. Mkewe alikuwa amesimama kando ya reli, mikono wazi. Papa akampita. Akaenda kwenye chuma kilichokunjika, akakipapasa mkunjo kwa mkunjo. Ndipo akageuka, akamkumbatia, akalia.

"Nilimuona," anasema Mama Anne-Marie. "Aliniokoa, ndiyo. Lakini alianza kwa muke mwenzangu."

Juzi, kwenye matanga, wafanyakazi wa reli walileta kipande cha chuma kile. Waliomba kiwekwe kaburini, upande wa kichwa, karibu na msalaba. Watu wote wakamtazama.

"Aje," akasema. "Naye ni mujane. Lakini akae upande wa miguu. Kichwani ni pangu."

Mama Anne-Marie, Arlette, na familia yote, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Nanyi mtakaopanda treni, tunajua mlangoni kuna upepo mzuri. Iachieni mizigo nafasi hiyo. Mkiketi katikati, mfikirieni aliyewatafutia mahali pa kupona, na mama aliyekuwa akimngoja huku chakula kikipoa.

Mungu ampumzishe Papa Mardochée Kaomba: mume wa Mama Anne-Marie, halafu mhandisi wa reli.