Joho Alilolikataa Mwalimu Kipngeno

Ndugu, jamaa, majirani, nanyi mliotoka Irving, Euless na DeSoto, na nyinyi wa Houston mlioamka alfajiri kuja kulia nasi, poleni na asanteni. Mimi ni Chebet, marehemu alikuwa ndugu wa baba yangu, na familia imenituma nisome maisha yake kwa sababu, wanavyodai wao, nina sauti kubwa na silii ovyo, jambo ambalo tutaliona.

Mwalimu Kipngeno arap Koech alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 karibu na Litein, Kericho ya wakati huo, mtoto wa nne wa baba aliyechuma chai ya wenyewe na mama aliyeuza maziwa, akasoma hapo hapo nyumbani, kisha akajiunga na Chuo cha Ualimu cha Kericho na kuhitimu mwaka 1973, na kwa robo karne akafundisha historia na Kiswahili katika shule za Bureti, na wapo watu wenye mvi leo hii ambao wakisikia jina lake wanakaa wima kwenye kiti.

Tarehe 18 Desemba 1976 alimwoa Chepngetich, muuguzi, wakajaliwa watoto watatu, Cheruiyot, Kimutai na Jessica, na mama ndiye aliyetangulia Texas mwaka 1997 kwa kazi ya hospitali, mumewe akamfuata miaka miwili baadaye akiwa amemshika mkono Jessica, kitinda mimba. Nyumbani tulicheka, Mungu atusamehe, maana mtu aliyezoea kunyamazisha shule nzima kwa kukohoa tu sasa alikuwa anapakia mizigo ya watu kwenye ndege pale uwanja wa ndege wa DFW, na jioni anapanda ngazi za nyumba ya kupanga Euless huku ameshika kiuno. Kazi hiyo alitafutiwa na Absalom, Mkenya mwenzake wa Vihiga, ambaye pia ndiye aliyemfundisha kuendesha gari upande wa kulia, na kwa miaka mingi wawili hao walikwenda kazini kwa gari moja, wakibishana siasa tangu geti la nyumba hadi geti la uwanja, wala hakuna aliyewahi kumshinda mwenzake.

Aliapa kuwa raia wa Marekani mwezi Juni 2006, na mwaka huo huo akaanzisha darasa la Jumamosi katika ukumbi wa kanisa Irving, la kuwaandaa wenzake kwa mtihani wa uraia, kwa sababu aliona watu wanakariri majibu kama kasuku, wanajua kwamba sheria kuu ya nchi ni Katiba, lakini ukiwauliza ilitokana na nini wanatazama dari. Alifundisha kwa Kiswahili, kwa kuwa humo walikuwamo Wakenya, Watanzania, Wakongo na Wazanzibari, na mtihani ungekuwa wa Kiingereza, sawa, ila alisema mtu akielewa jambo kwa lugha aliyoizoea, Kiingereza kitamfuata chenyewe. Jessica alikuwa akimjibu kwa Kiingereza, naye anaendelea na Kiswahili chake kana kwamba hakusikia.

Eh, Jumamosi zile, nami nikiwa nimeshafika huku! Chai ya tangawizi kwenye birika kubwa, mandazi ya mama Chepngetich, na Mwalimu mbele yetu akitusimulia jinsi wajumbe walivyojifungia Philadelphia katika joto la mwaka 1787, madirisha yamefungwa ili maneno yasitoke nje, majimbo makubwa yakitaka kura kwa wingi wa watu, madogo yakiogopa kumezwa, mpaka wakapatana kuwa na mabaraza mawili, moja la kufuata idadi ya watu na jingine la sawa kwa sawa. Hakuficha kwamba wengi wa wale walioandika habari za uhuru walikuwa na watumwa, na kwamba katika kugawana viti waliwahesabu watumwa hao kuwa pungufu ya mtu. Hapo alivua miwani, akasema kwamba katiba iliyoandikwa na wakosefu lazima iachiwe mlango wa kuirekebisha. Lakini alichokipenda kuliko vyote ni habari ya rais wa kwanza, kwamba nchi nzima ingemkubali aendelee, naye akamaliza mihula miwili na kurudi shambani kwake, na alipofika hapo alikuwa akitabasamu kama anayemsema jamaa yake.

Kutoka darasa hilo ndipo ulipozaliwa mwaka 2010 umoja wetu huu wa kuzikana, ambao nusura ufe kabla haujaanza, kwa kuwa Wakenya tulikuwa wengi na wenzetu waliogopa kwamba kila kitu kingeamuliwa na sisi, na Mwalimu akalimaliza kwa mabaraza yake mawili, moja la wanachama wote na jingine la kila nchi sawa kwa sawa, akaandika pia kwamba mwenyekiti ni mihula miwili ya miaka minne, basi, arudi viti vya nyuma. Tukamchagua yeye, tukamchagua tena, na miaka ile minane hakuna mtu wetu aliyelala mochari bila mwenyewe.

Sasa tarehe 8 Desemba 2018 tulimfanyia sherehe ya kumshukuru, na Absalom, aliyekuwa makamu wake, akaiandaa kwa upendo wote, kama tunavyofanya Wakenya kwa mtu tunayemheshimu, akaagiza joho kutoka Nairobi, usinga na kigoda, na keki iliyoandikwa Mwenyekiti wa Maisha. Wazee wakasimama wamvike, vigelegele vikapigwa, tayari watu wanasema kipengele cha mihula kitafutwa Januari. Mwalimu alilishika lile joho, akalipapasa, yeyote aliyekuwepo aliona kwamba alilitamani, kisha akalirudisha mikononi mwa rafiki yake na kusema, “Absalom, ndugu yangu, nikilivaa leo, yote niliyowafundisha hawa watu yatakuwa porojo.”

Absalom akalikunja joho polepole, akatoka kabla ya chakula, kwa kuwa aliona ameaibishwa mbele ya watu, na Januari tukamchagua Mwatime wa Unguja kuwa mwenyekiti, Mwalimu akawa wa kupanga viti na kuosha birika. Lakini hilo lilimgharimu, na leo lazima lisemwe: alimpigia Absalom simu kumwomba radhi kwa ile aibu, si kwa kukataa, simu haikupokelewa, na kwa miaka sita wale watu wawili walisalimiana kanisani kwa kidevu. Alimkumbuka mno. Kila tulipopita karibu na uwanja wa ndege alianza kisa cha Absalom, halafu akakiacha katikati na kuuliza habari za mvua.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022, akawa anakwenda kusafishwa damu, na Januari mwaka huu akalazwa. Alasiri moja mlango ukafunguliwa, akaingia Absalom na mfuko wa nguo mkononi, akakaa, na wakaanza kubishana siasa pale pale walipoishia, muuguzi akaja kuwaomba wapunguze sauti. Baadaye Mwalimu akaomba alione tena lile joho lililokuwa ndani ya mfuko, akaligusa, akasema, “Nikifa ndipo univike, maana maiti hamwamuru mtu.” Alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, akibakiza siku tatu kutimiza miaka sabini na minne, mkono wake ukiwa katika mkono wa mama Chepngetich, ameacha watoto watatu, wajukuu saba na raia wapya ambao hatukuweza kuwahesabu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Euless walioleta chakula bila kuulizwa, wenzake wa uwanja wa ndege, mchungaji, na Bi Mwatime na umoja wote, mlioamua mazishi haya kwa mabaraza mawili kama alivyotaka. Wa mwisho ni Mzee Absalom, ambaye asubuhi ya leo aliomba aachwe peke yake na marehemu, akamvika kwa mikono yake, akafunga vifungo vyote. Mtakapopita kumuaga msishangae, joho ndilo lile. Limemkaa vizuri.

Muhula wako umekwisha, Mwalimu, na hukuuongeza hata siku moja. Pumzika sasa, amani iwe nawe.