Bwana Awamu ya Pili Arudi Kwao

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili kazini, mkuu wetu wa mipango ya ukanda wa reli na umeme anastaafu. Jina lake lipo kwenye kitambulisho, lakini kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi tunamwita Bwana Awamu ya Pili, naye huitika.

Alianza akiwa mpima ardhi, kijana mwembamba mwenye kofia kubwa. Leo reli inatoka kwenye migodi ya nchi jirani hadi bandarini kwetu, na kandokando yake unapita umeme mkubwa wa kuendesha mitambo ya huko. Nchi mbili zimeunganishwa. Vijiji vya katikati vinaiona treni ikipita na kusikia nyaya zikivuma.

Hilo lilikuwa wazo lake. Stesheni ndogo na vituo vya kupoza umeme utumike vijijini vingechelewesha mradi, kwa hiyo alivifuta kwenye ramani kwa kalamu nyekundu, akapigiwa makofi, akapandishwa cheo. Wanakijiji walipokuja kulalamika aliwapa viti, chai na jibu lake moja: awamu ya pili. Waliondoka wakimshukuru. Kipaji alikuwa nacho. Niliwahi kumsikia akimwahidi bibi mmoja stesheni, nikatamani kukata tiketi.

Mwaka jana alikamilisha nyumba ya kustaafia kijijini kwao. Friji ipo, pampu ya kisima ipo, na nguzo za ukanda zinapita nyuma ya jiko. Umeme hakuna. Mkewe, mwalimu aliyevumilia safari zake zote, amegoma kuhamia. Atabaki mjini kwa dada yake mpaka taa iwake, na hatanii.

Basi wiki iliyopita mzee alikuja, kofia mkononi, mbele ya meza ya mhandisi binti ambaye mzee mwenyewe alimfundisha kazi na ambaye sasa anamrithi. Aliomba kituo kimoja tu, kidogo. Mhandisi alimpa kiti, akamwagizia chai. Ofisi nzima tuliacha kuchapa.

“Ombi lako tumelipokea, mzee,” alisema. “Awamu ya pili.”

Mzee ndiye aliyecheka wa kwanza, kisha akaitazama ile chai mpaka ikapoa. Tulimwonea huruma, ila si sana. Vijiji vya katikati ni vingi.

Asante, Bwana Awamu, kwa reli, kwa nyaya, na kwa kutufundisha kumjibu mtu bila kumjibu. Zawadi yetu ni taa ya sola. Mwonyeshe mama mwalimu, huenda akalegeza msimamo. Tunakutakia maisha mema, na yakufikie katika awamu ya kwanza.