Mama Idadi na Wanafunzi Hewa

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi wageni mliokuja na magari ya ofisi na kukalishwa mbele kwenye kivuli, naomba tutulie kidogo, mimi ni mdogo wake marehemu, niliyemfuata kwa kuzaliwa, mwalimu mstaafu wa sekondari, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu tangu kuzaliwa kwake mpaka juzi, na kamati ya msiba imeniomba nisome kwa ufupi na kwa upole, nami ufupi nitajitahidi.

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Idadi, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, mtoto wa kwanza wa baba yetu, karani wa stoo ya reli, na mama yetu, mshona nguo, na tangu utotoni alikuwa na tabia iliyotuchosha sote, ya kutoamini hesabu ya mtu mwingine, jioni baba akisema watoto wote wameshaingia ndani, yeye anatupanga ukutani na kutuhesabu kwa kidole, na aliyekwisha kujilaza alinyanyuliwa asimame, kwa sababu kwake yeye mtu asiyesimama alikuwa bado hajafika nyumbani. Mama alimwambia mara nyingi kwamba hakuna mwanamume atakayeivumilia tabia hiyo, na mama alikosea.

Alianza darasa la kwanza Januari 1965 katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akaingia sekondari ya wasichana mwaka 1972, na mwaka 1978 akachaguliwa kwenda chuo kikuu kusomea takwimu, na hapa vijana nawaomba mnisikilize, siku hizo nchi ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu, ukisema umechaguliwa chuo kikuu hakuna aliyekuuliza kipi, mtaa mzima ulimsindikiza mpaka stendi na mimi ndiye niliyebeba sanduku. Alihitimu mwaka 1981.

Tarehe 1 Julai mwaka huo huo aliajiriwa na baraza linalosimamia vyuo vya elimu ya juu, katika kitengo cha takwimu, chumba cha mwisho kwenye korido ya chini, mkabala na choo, chenye meza ya chuma, mashine ya kujumlishia yenye mpini, na dirisha lisilofungika vizuri ambalo alilizibia kwa gazeti kila msimu wa mvua mpaka alipostaafu, na kazi yake ilikuwa kutoa kila mwaka kijitabu cha kueleza taifa lina vyuo vingapi na vina wanafunzi wangapi. Mwanzoni kilikuwa kijitabu chembamba, ukikishika kama huna kitu mkononi.

Kisha ukaja wakati ambao nyinyi wakubwa mnapenda kuusimulia kwenye hotuba, vyuo vikaanza kupandishwa hadhi, chuo cha ualimu kililala kikiwa chuo cha ualimu kikaamka chuo kikuu kishiriki, walimu wale wale, bomba la choo lile lile linalovuja, kilichobadilika ni kibao cha getini, matawi yakafunguliwa juu ya maduka ya samani, juu ya saluni, na moja ndani ya ukumbi wa sinema uliokwisha kufa, wahadhiri wakifundisha mbele ya pazia, na mimi nilipoulizwa na wanafunzi wangu waombe chuo gani, nilikuwa nawatajia jina Jumatatu, ikifika Ijumaa chuo kimeshabadili jina. Kila mwaka magazeti yaliandika kwamba udahili umepanda, mawaziri wakatabasamu, aliyenuna ni dada yangu peke yake, kwa sababu alijua kwamba mwanafunzi mmoja anahesabiwa asubuhi makao makuu, jioni anahesabiwa kwenye tawi, na mwisho wa juma anahesabiwa tena kwenye masomo ya mbali, taifa likaonekana limesoma kweli kweli, kumbe ni watu wale wale wanazungushwa.

Ndipo akaanzisha utaratibu wake uliowakera wengi wenu hapo mbele, akaacha kupokea idadi zinazoletwa na vyuo, akapanda gari la ofisi na kwenda mwenyewe, anaingia darasani bila kupiga hodi, anawaomba wote wasimame, anahesabu kwa kidole, anawashukuru, anawaambia wakae, na yeyote ambaye hakusimama mbele yake alimwandika kuwa mwanafunzi hewa, jina lililoandikishwa bila mtu nyuma yake. Chuo kimoja kilipopata fununu kwamba anakuja kiliwakodi wapagazi wa sokoni, kikawavika makoti na kuwakalisha darasani, dada akamuuliza mmoja wao yuko mwaka wa ngapi, yule bwana akajibu kwa adabu kabisa kwamba yeye yuko zamu ya mchana.

Tarehe 15 Desemba 1984 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha uchapaji, ambaye alifahamiana naye kwa sababu ndiye aliyekichapa kile kijitabu, na hata siku hiyo, idadi ya mpishi na idadi ya kadi zilipopishana, bibi harusi alichukua kipaza sauti akawasimamisha wageni wote ukumbini na kuwahesabu meza kwa meza, shela iko begani, chakula tukakila kimepoa, na shemeji akakaa anacheka tu, hapo ndipo nilipojua kwamba dada amepata mtu wake. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza ni muuguzi, wa pili ni mpima ardhi, na wa tatu ni binti aliyezaliwa tarehe 20 Januari 1993, ambaye kwa kuwa ndiye kitindamimba tunamwita Kitinda, naye ndiye yule pale aliyeshika picha ya mama yake, naomba mumkumbuke kwa sababu habari iliyobaki ni yake.

Baadaye upepo ukageuka, mitihani ya sekondari ikabanwa, waliofaulu wakapungua, vyuo vilivyokuwa vimeota kila kona vikakosa watu, vikaanza kupita sokoni na vipaza sauti vikiwaita vijana kana kwamba vinauza sabuni, na serikali ikaamua kwamba chuo kitakachokutwa na wanafunzi hewa kivunjwe au kiunganishwe na kingine, na kipimo cha uamuzi huo kikawa kidole cha dada yangu. Kitinda alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo kikuu kishiriki cha ualimu, tawi la juu ya duka la samani, chuo ambacho nitasema ukweli, kiliwahi kukamatwa kinadanganya idadi, hivyo hakikuwa na mtu wa kukitetea.

Jumanne, tarehe 12 Aprili 2016, dada alikunywa chai na bintiye meza moja, binti amevaa sare yake ya mazoezi ya ualimu, sketi nyeusi na blauzi nyeupe, ubavuni ana karatasi za manila alizochorea moyo wa binadamu, wakaagana mlangoni, mama akapanda gari la ofisi kwenda kukihesabu chuo cha mwanawe, na mwanawe akaja shuleni kwangu kufundisha, kwa sababu kipindi hicho mwaka wa pili na mwaka wa tatu wote walikuwa nje, wametawanywa kwenye shule kwa mazoezi ya kufundisha, jambo ambalo mtu yeyote anayevijua vyuo vya ualimu angelikumbuka, na dada yangu alivijua kuliko sote. Akapanda ngazi, akawakuta wa mwaka wa kwanza thelathini na mmoja, akawasimamisha, akawahesabu, na waliobaki wote, zaidi ya mia mbili, akawaandika hewa, na mmojawapo ni mtoto aliyemzaa mwenyewe na kunywa naye chai asubuhi ile. Mimi wakati huo nilikuwa nimesimama nje ya dirisha la kidato cha pili, namtazama Kitinda yuko mbele ya ubao anaeleza damu inavyozunguka, wanafunzi arobaini wametulia, jambo ambalo mimi kwa miaka yangu yote sikuliweza kwenye darasa lile.

Jioni nilimwendea dada nikamweleza, naye akanijibu kwamba anajua fika binti yake alikuwa shuleni kwangu, lakini utaratibu ni kumhesabu aliyemo darasani chuoni siku ya kuhesabu, na akianza kumfungulia mlango mtoto wake, kesho kila mkuu wa chuo atakuja na wa kwake aliyekwenda mazoezini, nikamwambia wewe ni kichwa ngumu, akasema ndiyo, tukanuniana wiki mbili. Aliamini kwamba makosa kama hayo yanarekebishwa ofisini, kwamba kuna mtu atasoma maelezo aliyoyaandika pembeni mwa fomu kwamba wako mazoezini, na katika ofisi ile, ndugu zangu, hakuna mtu aliyewahi kusoma pembeni.

Kitinda na wenzake walivaa majoho Novemba 2016, wakapiga picha, vyeti wakaambiwa wasubiri, na tarehe 1 Julai 2017 chuo kikaunganishwa na chuo kikuu ambacho mwakilishi wake yupo hapa na shada kubwa la maua, hicho kikubwa kikapokea jengo, viti, basi na mlinzi wa getini, lakini wanafunzi hawakuwemo kwenye makabidhiano, kwa sababu taifa lilikuwa limeshatangaza kwamba hawapo. Dada alistaafu Agosti mwaka huo, akapewa saa ya ukutani, na mwaka uliofuata binti yake akaenda kwenye usaili wa kazi ya ualimu akaambiwa kwamba kwenye kumbukumbu za nchi hakuna mtu kama yeye aliyewahi kusoma. Alirudi nyumbani akamweleza mama yake bila kupandisha sauti, akaingia chumbani, na kwa muda mrefu hawakunywa tena chai meza moja.

Tangu siku ile dada yangu hakuwa na kazi nyingine, alirudi kwenye ofisi aliyoijenga, akakalishwa kwenye benchi la wageni na kibandiko cha mgeni kifuani, akapigwa danadana, njoo Jumatano, njoo mwakani, mkubwa yuko kwenye kikao, na mkubwa mwenyewe ni kijana aliyemfundisha kazi kwa mikono yake, ambaye yupo hapa mbele, na ambaye alimjibu kwamba idadi ikishachapwa imechapwa, kwamba ukiwarudisha watu mia mbili kwenye mwaka mmoja unaharibu mchoro wa mwenendo wa udahili kitaifa, na mwenendo umetulia vizuri sana. Alimwambia maneno hayo mwanamke aliyeuchora mwenendo huo. Tukamshauri amwombee binti yake peke yake, mlango huo ulikuwepo na watu wazito walimpigia simu kumwonyesha, akakataa, akasema binti ataingia kwenye mstari pamoja na wenzake wote au haingii, Kitinda akalia kwa hasira, mimi nikashika kichwa, safari hii nikamwita kichwa ngumu mbele ya watoto.

Lakini alianza kuwatafuta mmoja mmoja, wengine wanafundisha tuisheni kwenye mabaraza ya nyumba, mmoja anakatisha tiketi stendi, mwingine anauza vifaa vya simu, akawaita nyumbani kwake kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wakajaa uani, anawasimamisha, anawahesabu, anawashukuru, anawaambia wakae, na Jumamosi ya tatu au ya nne nikamwona Kitinda ametoka jikoni na vikombe, ameviweka chini, naye amesimama kwenye safu na wenzake.

Mwaka 2021 alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa kwa kusafishwa damu, na hata wodini aliwagombeza wauguzi kwamba ubao wao unasema wagonjwa kumi na wawili wakati yeye anaona kumi na wanne, wawili wakilala kitanda kimoja kichwa na miguu. Wiki yake ya mwisho aliyemlisha na kumgeuza ni Kitinda, na siku moja mbele yangu alimwomba asimame miguuni pa kitanda, akamtazama kwa muda, akamnyooshea kidole kimoja, akasema samahani, mwanangu, nimekuona, Kitinda akajibu, sawa mama, na sikuwahi kumwona dada yangu akilia mpaka hapo. Alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 12 Oktoba 2023, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, ameacha mume, watoto watatu na wajukuu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliomvumilia, majirani waliotupikia na kutuazima viti, mafundi wenzake shemeji waliochapa kijitabu hiki cha mazishi bila malipo, na wafanyakazi wenzake marehemu kwa maua yao, ingawa sisi hatukuomba maua.

Ninayemshukuru mwisho ni mkuu wa idara ya takwimu, yule kijana niliyemtaja, kwa kuja mwenyewe, na kwa kuwa alimwambia dada yangu mara kwa mara kwamba Kitinda na wenzake hawapo, nami sina ugomvi naye leo, nina ombi moja tu, tena si langu. Nawaomba wote mliosoma mwaka wa pili na wa tatu katika chuo kile cha ualimu juu ya duka la samani, mwaka 2016, mlioko nyuma pale, na mlioko ukutani, na wewe Kitinda, mpe kaka yako hiyo picha, simameni.

Mkuu wa idara, naomba usogee uwahesabu kwa kidole, kama alivyokufundisha, usiwe na haraka, maziko yatakungoja. Dada, wamesimama, pumzika kwa amani.