Mara Tatu Nilishuhudia kwa Haraka

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe zaidi na mtu mzito wa kuelewa kama mimi, kwa maana alinifundisha jambo moja kwa miaka mingi wala hakuchoka.

Wengi mnanijua. Mimi ni Mkamburi, fundi wa nguo pale Bondeni, kifungua mimba wa marehemu baba yetu aliyefanya kazi reli. Wazazi wetu walipofariki nilikuwa kidato cha pili. Niliacha shule, nikakalia cherehani, nikalea wadogo zangu wawili. Mwakio ameshaoa, yuko Voi. Wakesho tunaishi naye Tudor, na ushuhuda huu ni wake kama ulivyo wangu. Ameusoma kabla yenu. Amefuta mstari mmoja, na sitawaambia ni upi.

Ndugu zangu, Wakesho alikuwa kama mtu asiye na ngozi moyoni. Lililokuwa mkwaruzo kwako, kwake lilikuwa jeraha. Asubuhi mimi ni malaika, sina mfano Mombasa nzima. Adhuhuri nimechelewa kupokea simu, basi mimi ni adui, nimemchukia tangu utotoni. Rafiki mpya alikuwa pacha wake kwa wiki mbili, kisha hataki hata jina lake litajwe. Na chini ya yote hayo palikuwa na hofu moja, hofu ya kuachwa. Nikienda Kibokoni kuwapelekea wateja buibui zao, alinihoji saa ya kurudi kama hakimu. Uchungu ulipomzidi, alijiumiza mwenyewe.

Nami nilimtuliza vipi? Nilimwambia, "Ukiendelea hivi nitakuacha niende zangu." Nilidhani ninamtia adabu. Kumbe nilikuwa namwagia mafuta ya taa motoni!

Tukamwombea. Tulifunga, tulikemea pepo la kukataliwa, tulikesha. Sijuti kuomba hata siku moja. Kosa langu lilikuja baada ya maombi. Mnajua desturi yetu: aliyepokea asiposhuhudia, tunasema amemwibia Mungu utukufu. Basi Wakesho akipata wiki mbili za utulivu, mimi huyo mbele, kipaza sauti mkononi, naeleza mdogo wangu alivyokuwa na alivyofunguliwa. Yeye ameketi safu ya tatu, watu wote wamegeuka kumtazama. Nilifanya hivyo mara tatu. Mlipiga vigelegele mara tatu, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Baada ya ushuhuda wa tatu, Wakesho alitabasamu mwezi mzima. Nilifurahi sana. Sikujua kwamba alikuwa analinda ushuhuda wangu. Angemwambia nani kwamba bado anaumwa, na kanisa zima limeshamshukuru Mungu kwa kupona kwake?

Siku moja mchana nilikuwa Kibokoni, mteja mmoja akanikawiza kwa vipimo, simu ikazima. Niliporudi nyumbani nilimkuta amejiumiza mkono vibaya kuliko siku zote. Nilimfunga jeraha. Kisha, ndugu zangu, nilifanya jambo ambalo nalikiri mbele zenu. Sikumpeleka popote. Nilichukua kitambaa, nikakaa kwenye cherehani, nikamshonea blauzi ya mikono mirefu ya kwendea kanisani Jumapili, katika joto hili la kwetu.

Alinitazama mpaka nikafika kwenye vifungo. Akaniuliza polepole, "Dada, uliniombea au ulinitangaza?"

Nilizima mashine. Hapo ndipo Bwana alipoanza kunifungua mimi. Nilimwomba Wakesho msamaha. Nikampigia mama mchungaji, nikamweleza ukweli wote, nikitarajia aibu. Yeye aliniuliza tu tuko wapi, akaja na tuktuk, tukaenda hospitali watatu. Alikaa nasi foleni nzima, akimtania Wakesho kwamba blauzi ni nzuri lakini fundi amesahau vifungo viwili.

Daktari alikuwa binti wa Kihindi, Mwislamu, mzaliwa wa hapa hapa mjini. Hakumwuliza Wakesho ana nini. Alimwuliza amepitia nini. Tulirudi kwake mara kadhaa kabla hajautaja ugonjwa. Madaktari huuita bodalaini. Alisema si ukaidi, si uchawi, wala si kukosa imani. Ni hisia zinazowaka haraka na kuchelewa kupoa, na mara nyingi mtu aliyepoteza sana utotoni huwa katika hatari zaidi. Hakuna kidonge kinachouondoa wenyewe, ingawa dawa zaweza kusaidia usingizi au huzuni. Tiba yake kubwa ni mazungumzo na mazoezi, tena kwa muda mrefu, na wengi wanaodumu nayo hupata nafuu kubwa. Wakesho alilia. Nilidhani ni huzuni. Akasema ni furaha, kwamba kumbe kitu hiki kina jina na si yeye.

Kila wiki alikwenda kwa mshauri na kwenye kikundi. Alijifunza kuitaja hisia kabla haijamtuma, kunawa uso kwa maji ya barafu, kungoja kabla ya kuamua kwamba amechukiwa. Nami niliitwa darasani, mimi niliyeacha shule! Nilifundishwa kusema "naona umeumia" kabla ya kusema "tulia." Nilifundishwa kutaja saa ya kurudi na kuitimiza, na ikinishinda nipige simu. Lile neno "nitakuacha" sijalitamka tena.

Haikuwa njia nyoofu. Aliwahi kuacha kliniki kwa hasira, akarudi mwenyewe. Lakini mwezi uliopita Mwakio alibariki ndoa yake kanisani, nami nikaenda Voi siku nne. Wakesho alikuwa na zamu kazini, akabaki peke yake. Zamani nisingethubutu kulala nje hata siku moja. Niliporudi alinifungulia mlango, akasema, "Juzi nilikuchukia kutoka saa nne mpaka saa sita. Halafu nikapika."

Ndugu zangu, nilicheka mpaka nikakaa chini mlangoni! Saa mbili tu za kuchukiwa, na mchuzi wa nazi juu yake! Huo ndio muujiza wangu, na sitauongezea chumvi. Wakesho hajasema amepona. Anasema anaendelea, na mimi nimejifunza kumwacha aseme mwenyewe.

Namshukuru Mungu aliyeyasikia maombi yetu, akayajibu kwa mikono ya daktari. Nawashukuru ninyi. Na wewe uliye na mtu wa namna hii nyumbani, au wewe ndiye mwenyewe, umeketi na tabasamu uliloazimwa: mtegemee Bwana, nawe uende ukatibiwe. Kama hujiwezi, njoo dukani kwangu Bondeni. Nitafunga cherehani, tutakwenda pamoja, na sitamsimulia mtu.